Upande wa Kushoto wa Mzee Hesbon Mwero

Mchungaji wetu, wazee wa mtaa, jamaa kutoka Kinango na Kombani, majirani Waislamu mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, na nyote mlioketi juani kwa sababu turubai halikutosha, poleni na msiba na ahsanteni kwa kufika. Anayesoma mbele yenu ni Mbodze, binti wa marehemu, lakini mengi ya maneno haya marehemu aliyatamka mwenyewe akiwa kitandani, Mbodze akayaandika, na akatakiwa amsomee mara tatu ili mzee ahakikishe kuwa hakupambwa. Ndugu yetu mkubwa, Chome, alipendelea historia ya ukurasa mmoja kama ilivyo desturi, akasema maiti hasemwi, na wajomba wakamuunga mkono, lakini marehemu alikuwa ametuapisha. Alisema huko anakokwenda vitabu vitafunguliwa, na kwamba hofu yake kubwa ni kufika huko watu wakiwa wamesomewa kitabu kimoja kaburini naye akute kingine mbele ya kiti cha hukumu. Basi tustahimiliane, kwani ni ndefu kidogo na si yote mazuri.

Mzee Hesbon Mwero Chome alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Mwachipindo, magharibi ya Mkongani, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Chome Mwero na marehemu Mbodze Fondo, ingawa tarehe hiyo alipewa na karani siku alipochukua kipande cha utambulisho, naye akaiheshimu maisha yake yote kana kwamba karani alikuwepo. Tangu utotoni alikuwa mashoto. Chakula alikula kwa mkono wa kulia, maana mama yake alimtia adabu mapema, lakini kazi zote nyingine, kukata kuni, kurusha jiwe, kukamua, alizifanya kwa kushoto, na nyumbani hakuna aliyeona ajabu kwa kuwa babu yake naye alikuwa hivyo hivyo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia Januari 1960 hadi Novemba 1966, na huko ndiko alikoambiwa kwa mara ya kwanza kuwa mkono wake una kasoro, kwa sababu mwalimu wa darasa la pili aliufunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa dawati muhula mzima, akimweleza kuwa upande wa kushoto una mwenyewe na si Mungu. Marehemu alijifunza kuandika kwa mkono wa kulia, mwandiko ukawa wa kuku aliyepita kwenye majivu, na yale maneno ya mwalimu akayasahau, au alidhani ameyasahau.

Tarehe 3 Julai 1972 aliajiriwa kuwa mtunza bustani katika hoteli moja huko Diani, akafanya kazi hiyo kwa uaminifu miaka ishirini na mitano, hadi Novemba 1997 wageni walipoadimika na wafanyakazi wakapunguzwa. Kila alipokuja likizo alinunua mbuzi, na alipostaafishwa alirudi nyumbani kuwachunga mwenyewe, wakiwa sitini na mmoja, kila mmoja na jina lake, na hatukosei tukisema kuwa mbuzi hao ndio waliotusomesha, waliotutibu na waliompa heshima kijijini.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu, Dama Sanga, mzaliwa wa Kinango, tarehe 8 Desemba 1979, na mahari yake pia ilikuwa ya mbuzi, jambo ambalo mama alimkumbusha baadaye mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbushwa. Walijaliwa watoto watano, wawili wakatangulia mbele ya haki wakiwa wachanga, wakabaki Chome aliyezaliwa 1981, Mbodze wa 1984 na Sanga wa 1990.

Sasa tunafika siku iliyoyageuza maisha ya nyumba yetu. Jumamosi tarehe 17 Aprili 1999 marehemu alikwenda Kombani kununua dawa ya kupe, akakuta mkutano wa injili, na mwinjilisti mgeni alikuwa ametundika kitambaa kikubwa cha rangi kati ya milingoti miwili. Katikati kulichorwa kiti cha enzi, kulia kwake kondoo weupe wakila majani mabichi, na kushoto kwake mbuzi wakiporomoka ndani ya moto, macho yamewatoka, ndimi nje. Mbuzi wa mbele kabisa alikuwa wa kahawia mwenye baka jeupe pajani, na marehemu alikuwa na beberu wa namna hiyo hiyo zizini, tukimwita Dereva. Mwinjilisti alikigonga kile kitambaa kwa fimbo upande wa moto, akamwuliza kila mtu aliyesimama pale yeye ni wa upande gani, na Mzee Mwero, mashoto tangu kuzaliwa, mwenye mbuzi sitini na mmoja, akaona ameulizwa yeye peke yake.

Alirudi nyumbani kwa miguu, dawa ya kupe hakununua. Mama alipomwona uso alidhani kuna aliyefariki, akamwuliza ni nani. "Dama," akasema, "sisi tuko upande wa kushoto." Mama akauliza kushoto kwa nini, maana nyumba yetu ukitokea barabarani iko kulia, na hapo baba akaketi chini akatetemeka mbele ya watoto wake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, na ambalo Mbodze akiwa na miaka kumi na mitano lilimtia hofu kuliko moto wowote wa kuchorwa.

Alibatizwa tarehe 2 Mei 1999 akapewa jina la Hesbon, na kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa ameswaga mbuzi wote hadi mnadani akawauza siku moja, Dereva wa kwanza, akanunua kondoo ishirini na wawili. Kijiji kizima kilicheka. Walisema Mwero ameokoka na mbuzi wake wamefukuzwa peponi, na mama, ambaye ulimi wake mnaujua, alisema mnyama anayekula miiba ameuzwa na sasa tumenunua anayengojea majani.  Marehemu mkono wa kushoto aliutia mfukoni, akajifunza akiwa na miaka arobaini na minane kushika panga kwa kulia, akajikata mara mbili, kwa sababu alisema Bwana aweza kuja wakati wowote na hataki akutwe mkono ule uko kazini.

Wengine mlimwona mtu wa imani kubwa. Sisi wa ndani tunasema leo kwa idhini yake kuwa ilikuwa hofu. Mbingu zikinguruma alituita sote uani akatupanga upande wa kulia wa zizi, tusimame na kondoo, na tulisimama mvua ikitunyeshea hadi radi zipite. Siku moja katikati ya radi Sanga, akiwa mdogo, alimwuliza je, Hakimu akija ameelekea Mombasa, kulia kwake si kutakuwa kule kwingine?  Tangu siku hiyo, radi zikipiga, alikuwa akituhamisha huku na huku, mara mashariki ya zizi, mara magharibi, akitushika mabega kwa mikono ya baridi, na hatukucheka hata mmoja wetu.

Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mwaka 2008, akisaidiana na mama kwa jembe na karai, alichimba lambo la kukinga maji ya mvua nyuma ya zizi, akalizungushia ua wa miiba, akaweka sharti kwamba watu wachote, kondoo wanywe, lakini mbuzi asitie kinywa chake humo. Majirani wengi humu mlichota kwake miaka mingi, na kwa hilo alistahili sifa, na angeishia hapo tungekuwa tumekwisha kusoma.

Ukame uliokuja baadaye mnaukumbuka wenyewe. Kufikia katikati ya mwaka 2022 kondoo wake wa mwisho walikuwa kumi na mmoja, wanalala na hawaamki, ilhali mbuzi wa watu walikuwa wakisimama kwa miguu ya nyuma kula magome, na lambo lilikuwa limebaki tope na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Marehemu aliona kondoo wanakufa, mbuzi wanaishi, hakuelewa Mungu anasema nini, na mtu asiyeelewa huwa mkali.

Ijumaa tarehe 9 Septemba 2022, saa nne asubuhi, jirani yetu Twaiba, mke wa Abdulwahab ambaye wakati huo alikuwa kwenye kazi ya uvuvi Shimoni, alikuja na dumu moja, mbuzi wawili na binti yake Hafsa mwenye umri wa miaka minne. Alibisha hodi, akatoa shikamoo, akasema, "Baba Chome, nakuomba dumu moja tu, nyumbani hamna hata tone la kumpa mtoto." Kabla hajajibiwa mmoja wa mbuzi wake alipenya pengo la ua akatia kinywa majini. Marehemu alishika fimbo, kwa mkono wa kushoto, akampiga yule mnyama, akalipiga teke dumu likabiringika hadi njiani, akasema maji haya ni ya kondoo wa Bwana, aende akatafute ya mbuzi.  Mtoto ndiye aliyelikimbilia dumu akalirudisha kwa mama yake, akilivuta kwa mikono miwili.

Twaiba alikwenda mtoni, kwenye mashimo ya mchangani yaliyonywewa na ng'ombe, mwendo wa saa moja. Jumapili Hafsa alianza kuhara na kutapika, na Jumanne tarehe 13 Septemba 2022 akafariki njiani akipelekwa zahanati, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Hakuna daktari aliyesema ni maji ya wapi, na watu wengi wa kanisa walimwambia marehemu maneno hayo ili wampoze, kwamba homa za matumbo zilikuwa zimeenea, kwamba mtoto huenda aliugua kabla. Yeye aliwasikiliza akawashukuru. Siku ya maziko alisimama barabarani, hakuthubutu kuingia, na kesho yake aliung'oa ule ua wa miiba kwa mikono yote miwili bila panga, akaacha lambo wazi kwa kila mnyama, na kufikia hapo lilikuwa na tope tu.

Kuanzia hapo hofu yake iliacha mbuzi, ikamshika yeye mwenyewe. Alijiuzulu uzee wa kanisa tarehe 2 Oktoba 2022 bila kueleza sababu. Mchungaji Judy, aliyehamia kwetu kutoka bara na ambaye yupo hapa leo, alimfuata nyumbani mara nyingi, na mara moja marehemu akamwuliza waziwazi maana ya zile picha zote, kondoo na mbuzi, vitabu, kiti cheupe, ziwa la moto, akitaka kujua kama ni kweli au ni mifano. Mchungaji akamjibu kuwa Bwana alisema na wafugaji, watu waliojua kuwa jioni ikifika mbuzi hulazwa mahali pa joto na kondoo nje, kwa hiyo aliwapa mfano wa kutenganisha wanakokujua, na wala hakuwa na ugomvi na mbuzi. "Mzee," akasema, "wewe umeangalia manyoya miaka yote hii. Angalia swali linaloulizwa. Nani alikuwa na njaa, nani alikuwa na kiu."

Marehemu akauliza, na moto je? Mchungaji Judy, ambaye tunamshukuru kwa kutomdanganya, alisema moto ni picha, lakini mtu hachorewi moto ili aambiwe kwamba hakuna joto, na picha siku zote ni ndogo kuliko kitu chenyewe. Akamwonyesha katika Maandiko jambo ambalo baba, baada ya kulisikia likihubiriwa miaka ishirini na mitatu, alikuwa hajaliona, kwamba wa kulia na wa kushoto wote wawili wanashangaa, wote wanauliza ni lini walimwona Bwana akiwa na kiu, wala hakuna upande uliojua. Mchungaji alidhani atampa faraja. Baba alimtazama, machozi yakimshuka, akasema, "Basi hao wana udhuru, Mchungaji. Mimi nilimjua. Alinipa shikamoo nikaiitikia moyoni, halafu nikapiga dumu teke." Mchungaji Judy akaomba wasali.

Afya ya marehemu ilianza kuzorota Februari 2025. Tarehe 11 Machi alipimwa akaonekana ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea hadi kwenye mifupa, akatibiwa kwa kwenda na kurudi Msambweni, na tarehe 20 Oktoba akalazwa kwa mara ya mwisho. Maumivu aliyabeba vizuri, wauguzi wakamsifu. Lakini kila aliyemgeuza kitandani aliulizwa amelalia upande gani, na akiambiwa wa kushoto alimshika mtu mkono asimwache. Tunajua mlikuja kumtazama mkaambiwa ametulia. Tuliwaambia hivyo kwa sababu tuliona aibu kusema kuwa mzee wetu anaogopa, na kwamba na sisi, tukimtazama, tulikuwa tunaogopa pamoja naye, kila mmoja akikumbuka mlango aliowahi kumfungia mtu.

Tarehe 1 Novemba alimtuma Mbodze kwa Twaiba. Hakumtuma kuomba msamaha, alisema hilo angelifanya mwenyewe miaka mitatu iliyopita kama angekuwa mwanamume. Alimtuma kumwambia kuwa habari ya lile dumu itasomwa mbele ya watu siku ya maziko, na kuuliza kama yeye anaridhia jina la mtoto litajwe. Mbodze alikwenda miguu mizito, akakaribishwa, akapewa mkeka na chai, na alipomaliza kusema Twaiba alimwongezea chai.

Kisha akasema maneno haya, nasi tunayasoma kama alivyoyasema, yeye mwenyewe akiwa amekaa hapa na akina mama wenzake. "Mwambie Baba Chome, la kuninyima mimi maji nimelisamehe, nililisamehe kitambo, maana ningekufa nalo. La Hafsa silo langu. Siwezi kumsamehea mtu haki yake, hata kama nimemzaa. Watakutana, na mtoto atasema mwenyewe." Mbodze aliinuka ili aondoke, na Twaiba akamshika ushungi akaongeza, "Lakini mwambie pia, alikuwa mtoto wa kusahau upesi. Ukimchapa sasa hivi, kitambo kidogo anakuja kukukalia mapajani."

Baba alipoletewa ujumbe huo alitaka urudiwe. Akauliza, Hafsa angekuwa na miaka mingapi leo, akaambiwa saba. Akauliza alikuwa anapenda nini, na Mbodze hakujua, wala hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua, miaka yote ya ujirani, na hilo nalo liandikwe. Hakuuliza tena habari ya kushoto wala kulia. Aliendelea kuogopa, hatutaki kuwadanganya, mikono yake ilikuwa baridi ile ile ya siku za radi, lakini sasa alikuwa akiogopa kama anavyoogopa mtu anayekwenda kumwona mtu fulani. Alifariki siku ya Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni waliomhudumia bila kuchoka na kumjibu lile swali lake moja kila walipomgeuza, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa Diani waliosafiri leo asubuhi, Mchungaji Judy na kanisa lote, na vijana waliochimba kaburi katika ardhi ngumu hii. Tunawashukuru majirani, na kati ya majirani tunamshukuru Twaiba na mumewe Abdulwahab, waliotuletea maji ya msiba mapipa mawili tangu juzi, nasi tukayapokea na hatukujua tutazame wapi. Mungu awalipe, maana sisi hatuna cha kuwalipa.

Tungependa kumaliza kwa kusema tunajua baba yuko upande gani. Hatujui. Yeye alitukataza tusiseme, na tukitazamana hapa kaburini tunaona kuwa hata sisi habari zetu wenyewe hatuzijui. Pumzika, Baba, kadiri utakavyojaliwa. Ukifika huko ukamwona Hafsa, usingojee akupe shikamoo kwa kuwa wewe ni mzee. Mwanze wewe.